Fundo la Mwisho

Mimi si mtu wa mizimu, na anayeniletea habari hizo namkatiza mapema. Lakini kamba ya aproni ya baba inanitisha hadi leo, siwezi kuficha.

Kwetu, upande wa Kimulot, baba alichuma majani chai akiwa amevaa aproni ya plastiki. Kamba yake ilikuwa na fundo moja la kunasa kwenye kitanzi mgongoni. Kila mwezi, karani wa kituo cha kununulia chai akishapima magunia, baba alining'inia kwenye ndoano ya mizani, watu wakacheka. Kilo sabini na moja. Miaka ikaenda, sabini na moja.

Magoti yalipomshinda aliacha kuchuma, akawa wa kukaa kituoni akipiga domo. Mikono ikakonda, mapaja yakaisha, tumbo likamtangulia mlangoni. Aproni aliendelea kuivaa kwa sababu ya umande, na mama ndiye aliyemfunga. Kamba ikikataa kufika kwenye kitanzi, mama aliongeza fundo jingine karibu na ncha.

Nesi alimpima kiuno kwa utepe. Akamweleza kwamba misuli inaweza kuisha, mafuta yakajaa tumboni, kilo zisibadilike, na mafuta hayo ndiyo yanayohatarisha moyo. Baba akambishia kwamba mizani ya kituo haijasema hivyo, bado ni sabini na moja. Mizani ile ile aliyoiita mwizi kila ilipopima majani yake! Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Alipofikia fundo la sita, moyo wake ulisimama katikati ya shamba la chai, asubuhi ya ukungu. Tulipomtafuta, tuliona aproni ya manjano kwanza.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani kutoka Kericho, ambako kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa. Nilipitia kituoni, nikaning'inia kwa mzaha, kisha nikaenda kumsaidia mama kuchuma. Siku hizi haoni vizuri, hufanya mambo kwa kupapasa. Akanivisha aproni ile. Nilihisi vidole vyake mgongoni vikijaribu fundo la kwanza, la pili, la tatu, vikiendelea polepole hadi la mwisho, la sita, vikatulia.

"Mzee," akasema kwa sauti ndogo, "umerudi?"

"Ni mimi, mama."

Kisha akanivua aproni, akaikunja, akaniambia kesho asubuhi twende kwa nesi.

Nilitaka kumtuliza, nimwambie kwamba nimetoka kujipima sasa hivi. Lakini mizani ilikuwa imesema sabini na moja.