Ng'ombe Aliyekamuliwa kwa Simu

Kilichonitoa Bariadi ni mashine. Kiwanda chetu cha kuchambua pamba kilinunua mashine mpya kutoka Uturuki, na fundi wa kwanza aliyepelekwa huko kujifunza alirudi kabla ya msimu kwisha, akilalamika kwamba hata chai yao haina maziwa. Meneja akanigeukia mimi. “Na wewe ukirudi mapema, usipitie ofisini. Nenda moja kwa moja nyumbani.” Nina watoto wanaosoma, nikakubali.

Kabla ya safari nilifanyiwa semina. Nilifundishwa kushika uma na kutabasamu, nikanunuliwa koti zito.

Asubuhi ya kuondoka nilipita Sapiwi kumuaga mama na ng'ombe wake, Kabula, ambaye nilizoea kumkamua mwenyewe huku nikimsifu. Kabula hakunitazama. Yake aliyaweka moyoni.

Adana, mji wa Uturuki nilikopelekwa, kulikuwa na joto kushinda Malampaka ya kwetu. Koti nililifanya mto. Nilipokelewa na Orhan, mkuu wa mafundi, mtu mpole mwenye masharubu. Wenzake hawakuwa na salamu. Walinipita tu kama nguzo.

Wiki haijaisha, mama akapiga simu, akanisalimu kwa Kisukuma. “Mwangaluka, baba. Kabula kabana maziwa. Tangu uondoke ni mateke tu. Rudi.”

Nikamwambia nikirudi sina kazi.

“Basi msifie hapa hapa kwenye simu.”

Tangu hapo, kila asubuhi nilijifungia kwenye choo cha kiwanda. Kule Sapiwi mama aliiweka simu sikioni mwa Kabula, nami huku napaza sauti: Kabula mwenye pembe nzuri, Kabula uliyenilipia ada. Maziwa yakashuka.

Siku moja nikafungua mlango nikamkuta Orhan amesimama nje na mafundi wote. Nikaeleza yote kwa Kiingereza cha kubahatisha. Orhan akafikiri sana. “Lakini kwa nini chooni?”

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa chumba cha mikutano.

Mambo yakageuka. Mafundi wakawa hawawashi mashine kabla ya kuniuliza habari za Kabula. Kwetu salamu isiyofika zizini haijaisha, kwa hiyo nilijiona nimefika kwetu, na kazi ikaniingia. Mafua yaliponikausha sauti, Orhan akamsifu Kabula kwa Kituruki. Mama akasema ndoo imejaa kuliko siku zote. Nilifurahi, na wivu ulinishika. Zamu ile Orhan hakuirudisha tena.

Msimu ulipokwisha nilirudi Bariadi na cheti. Meneja akaniuliza kilichonisaidia. Nikamwambia mtu hudumu ugenini kama nyumbani kumetulia, na kama huko aliko kuna anayemuulizia habari za kwao. Akaandika: “Koti.”

Sapiwi nilifika jioni, nikachukua ndoo, nikaenda zizini na sifa zangu zote. Kabula akanipiga teke la goti. Nikaanza upya, akaipiga ndoo.

Mama akaniletea simu. “Usimsumbue mnyama, baba. Mpigie Orhan.”