Kali Isiyouma Ulimi

Jumapili ile naikumbuka bado, mwanangu, na hasira yake haijanitoka. Nakuita mwanangu, wewe unayejiandaa kuwa mama, ingawa miaka thelathini sijaifikisha. Ukishaungua, umekuwa mkubwa mbele ya moto.

Ilikuwa mwaka 2016, hapa Johannesburg, Kensington. Solange wangu alikuwa na miezi mitatu na maziwa yangu yalikuwa machache. Nesi wa kliniki aliniambia nimnyonyeshe mara kwa mara, ninywe maji, nipumzike. Nipumzike wapi, na wageni wamejaa sebuleni? Mtoto akinyonya dakika mbili anaachia, analia, na mimi nalia naye.

Siku hiyo tumetoka misa, akaja shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, amefika kutoka Ubelgiji na chupa sita za bia nyeusi. Akazipanga mezani kama anapanga watakatifu.

"Shemeji, kunywa. Nyeusi inaleta maziwa. Na hii wanapika watawa. Wanasali, halafu wanapika."

Niliiangalia ile chupa nikacheka. Kwetu Lubumbashi chupa ya bia ni ile kubwa, watu wawili wanagawana. Hii ilijaa kiganjani. Nikamwambia, "Hii si ni ya kumpa mgonjwa?"

"Basi wewe mzima kunywa mbili," akanijibu, na wanaume wote wakacheka.

Nitakuambia ilivyokuwa, maana kukuficha utamu wake ni kukudanganya. Rangi yake ni ya chai iliyolala kwenye birika, povu lake zito, la rangi ya maziwa yenye kahawa. Ukiinusa unapata ndizi iliyoiva mpaka ganda limekuwa jeusi, karafuu kidogo, na sukari iliyoungua kwenye sufuria. Mdomoni ni nzito, tamu kama zabibu kavu. Halafu nyuma ya ulimi unakuja uchungu mdogo, wa ganda la chungwa, na kifua kinapata joto taratibu kama umevalishwa sweta. Haiumi popote. Mimi pombe kali niliyoijua ni ile ya kienyeji, ukiimeza unafumba macho. Hii sikufumba jicho. Nikasema moyoni: si kali. Nikanywa tatu.

Nimemaliza sekondari, mwanangu. Kusoma najua. Pale kwenye karatasi ya chupa iliandikwa asilimia kumi, mara mbili ya bia yetu, na sikuisoma. Pilipili haiulizwi kimo.

Solange akalia. Nikamchukua chumbani, nikalala naye ubavu, nikampa ziwa. Ninachokumbuka baada ya hapo ni kuvutwa bega.

"Amka! Amka weye! Mtoto huyu unamnyonyesha ama unamzika?"

Alikuwa Mama Nabintu, mshonaji kutoka Bukavu, tuliyepanga naye nyumba moja. Alikuwa amekuja kuomba pasi, akanikuta nimemlalia mwanangu nusu, pua yake imezama kwenye ziwa langu. Sasa alikuwa amempakata, anampigapiga mgongo, na Solange anakohoa. Kisha akalia. Kile kilio, eish, mpaka leo nakisikia.

Unafikiri nilishukuru? Nilimpandishia sauti. "Mama, usiniingilie na mtoto wangu! Nimekunywa vichupa vitatu tu."

"Nimekuuliza chupa? Nakuuliza pua ya mtoto ilikuwa wapi."

"Lakini haikuwa kali!"

"Ile inayouma ulimi inakuonya, binti yangu. Hii imekubembeleza kwanza."

Akakataa kunirudishia mtoto. Akamtuma mume wangu spaza, kile kiduka cha mtaani, akanunue maziwa ya kopo, akamlisha mwenyewe, akalala naye chumbani kwake. Shemeji akasema wanawake wa siku hizi wana maneno mengi, akafungua chupa nyingine.

Mchuma janga hula na wa kwao. Janga nililichuma mimi, na aliyekuwa karibu kulila alikuwa na miezi mitatu. Mkono uliomtoa mwanangu kifoni niliunyima salamu wiki nzima. Nilipita jikoni nimenuna kama mimi ndiye niliyekosewa. Siku ya nane nilipiga magoti mlangoni kwake nikaomba msamaha, naye akasema, "Inuka, unanizibia njia, nina nguo ya bibi harusi." Hiyo ndiyo hasira yangu, mwanangu. Shemeji alijua nguvu ya ile bia akacheka. Lakini mikono iliyoinua glasi ilikuwa hii yangu.

Basi sikia. Bia haileti maziwa, iwe nyeusi, iwe imepikwa na watawa au na malaika. Maziwa yanaletwa na mtoto kunyonya, na chakula, na maji, na usingizi. Kinywaji usichokijua, soma kilichoandikwa kabla ya kumimina. Ukishakunywa, mtoto mpe mtu ambaye hajanywa, na usilale naye kitanda kimoja, hata ukijiona mzima kabisa. Anayekwambia unywe, muulize kwanza kama usiku huo atamshika yeye mtoto. Na mtu akimvuta mwanao kutoka kifuani kwako, shukuru kwanza. Ugomvi utaukuta kesho.

Mungu akubarikie uzao wako, mwanangu. Akupe watoto watakaokuamsha kila asubuhi wakilia njaa.