Shokabsoba za Mama Mkwe

Shokabsoba za nyuma za gari langu, zile za kumeza mitikisiko, nilizibadilisha mwenyewe, uani kwangu Nyamasaria, Jumamosi moja ya joto ambayo ningependa zaidi kuipitisha nikilala. Ningepeleka gari gereji, ningeshinda kwenye benchi nikiambiwa spea iko njiani. Nilikuwa nimechoka na mabenchi. Nilikuwa nimechoka na mengi.

Zaidi ya yote, barabara ya Kombewa. Mama mkwe wangu anaishi ndani kabisa huko Seme, na kila mwezi alitakiwa kufika kliniki ya sukari mjini Kisumu. Mke wangu anafanya kazi Muhoroni na huja nyumbani wikendi tu, kwa hiyo dereva ni mimi. Naondoka alfajiri, namchukua, namngoja, halafu namrudisha siku hiyo hiyo, maana mama mkwe wa Kijaluo halali kwa mkwewe hata mvua ya mawe ikinyesha. Wala haketi mbele kando yake. Hukaa kiti cha nyuma, leso juu ya magoti, nami natazama mbele. Mimi ni mtu wa milimani, na kwetu pia mkwe huheshimiwa, lakini hapa nilijifunza heshima mpaka nikapitiliza.

Mimi na yeye huongea Kiswahili, lugha isiyo yangu wala yake, na huwa hatuongei sana. Mvua imenyesha. Watoto hawajambo. Basi mwezi mmoja, nikiwa namrudisha kwake kwenye ile njia ya murram isiyo na lami, akasema, "Orwa, hii gari yako inaruka mbaya huku nyuma." Orwa ndilo jina analoniita, yaani mkwe wetu. "Mwezi ujao mimi sitakuja. Nitakunywa tu dawa ya miti."

Hilo lilinitia hofu. Dada yake aliacha kliniki hivyo hivyo. Alikatwa mguu, na kabla ya mwaka kuisha tukamzika.

Jioni ile nikakandamiza bampa ya nyuma kwa mikono miwili, nikaachia. Gari likanesa, likanesa tena, kama kitanda kibovu. Nikachungulia chini: shoki zote mbili zimevuja, mafuta na vumbi vimegandamana juu yake. Siwezi kusema uongo, nilifurahi. Kumbe shida ina spea.

Jumamosi nikaweka mawe mbele ya magurudumu ya mbele, nikapiga jeki, nikategemeza gari kwa stendi. Boliti za chini zilitoka kwa matusi kidogo. Nati za juu zilitaka matusi yote. Kutu ilikuwa imezishika, na kila nikizungusha spana, shina la shoki linazunguka pamoja na nati kama linanicheka. Nikaweka mafuta, nikangoja, nikalishika shina kwa koleo, nikavuta hadi bega likalia na nati zikaachia. Mke wangu akaniletea chai.

"Baba, hiyo jasho yote ni ya mamangu?"

"Ni ya gari."

"Hata kwa simu ananiambia tu ni gari. Gari, gari." Akacheka. "Ukimaliza uoge kabla hujaingia kwangu."

Shoki mpya huja zimebanwa kwa kamba; nilipozifunga mahali pake nikaikata, zikajinyoosha polepole zenyewe. Boliti za chini sikuzikaza mpaka gari liliposimama kwa uzito wake, vinginevyo mipira yake huchanika mapema. Nilipokandamiza bampa tena, gari lilipanda mara moja likatulia. Mgongo wangu ulikuwa umekwisha, lakini nililala kama mtu aliyefanya jambo.

Siku ya kliniki nilimbembeleza mama mkwe mpaka akapanda. Kwenye murram tuliyapita mashimo yote bila kurushwa. Nikangoja sifa. Tukaingia lami, tukakaribia Kisian, barabara nyororo, na hapo nikamsikia akiguna. Nikapunguza mwendo. Akaguna tena. Hapakuwa na shimo wala tuta.

"Mama, bado inaruka?"

"Gari iko sawa, orwa."

Nikaegesha kando.

"Ni huku kwangu ndiyo inauma," akasema. "Tangu wakati wa kupanda mahindi. Sasa mimi nitaambia mkwe wangu vipi, mambo ya kiuno?"

Niligeuka nikamtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa miaka yote ya ndoa yangu. Alikuwa amekonda vibaya. Nilimwomba anionyeshe. Akafumba macho kwa aibu, akaisogeza leso, akalivuta gauni likambana kiunoni. Chini yake palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ngumi. Mimi nilikuwa nimetibu gari.

"Tutamwonyesha daktari leo," nikasema.

"Sawa. Lakini usiambie mtoto wangu bado." Akajifunika tena vizuri. "Akipiga simu, mwambie gari imepona."