Bluu Mdomoni mwa Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mugumu, Mkuu wa Maabara alinishika mkono, akautazama, akasema, "Vidole safi hivi! Jumamosi havitakuwa hivi." Hakukosea. Mwisho wa wiki nilirudi nyumbani navyo vya bluu, na mama mwenye nyumba akaniuliza nimepaka ukuta wa nani.

Kazi yenyewe ni hii. Kipande cha nyama ya mgonjwa hugandishwa ndani ya nta, hukatwa kwa mashine kikawa chembamba kuliko ganda la kitunguu, kikalazwa juu ya kioo. Bila rangi huoni kitu. Hematoksilini hutia viini vya seli bluu, eosini hutia vilivyobaki waridi. Seli ya saratani hujulikana kwa kiini chake, kikubwa, cheusi, kimekaa ovyo. Nilijifunza kuviona, ila Mkuu alikuwa na sheria moja: "Bhoke, wewe paka. Kusoma ni kwa daktari." Na daktari huyo alikuja mara moja kwa mwezi. Nilikaa na habari za watu wiki nzima nzima, sina wa kumwambia. Ni kazi ya upweke, msidanganywe.

Eosini ilipokwisha nilichemsha maua mekundu ya choya. "Hii ni maabara au jiko la mama lishe?" aliuliza Mkuu. Rangi ilishika, ila hafifu, akakataa isitumike kwa wagonjwa.

Nilipohamishiwa Tarime, Daktari wa Meno alinifundisha njia ya kushuku saratani ya mdomo isiyohitaji kisu. Mgonjwa husukutua kwa siki iliyozimuliwa, kidonda hupakwa bluu ya toluidini, husukutua tena. Bluu ikitoka, afadhali. Ikibaki, anakatwa kipande cha kupimwa. Bluu ilipokosekana tulipaka iodini, nayo hufanya kinyume: pazima hugeuka kahawia, pabaya hubaki peupe. Zote hudanganya wakati mwingine, kwa hiyo hazikuchukua nafasi ya kioo changu. Lakini zilituonyesha nani asiachwe arudi nyumbani hivi hivi.

Daktari wa Meno alikuwa masomoni baba mkwe wangu alipofika kwa bodaboda kutoka Susuni. Alikuwa na kidonda ndani ya mdomo wa chini, pale alipoweka ugoro miaka yote. Akanikuta nimeshika chupa ya bluu. Aliziba mdomo kwa kofia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkamwana. Hakuna mwingine humu?"

"Hayupo, baba. Ni mimi tu."

"Basi sifungui mdomo mbele ya mke wa mwanangu. Hilo kwetu halipo."

Kwetu Wakurya, mzee na mkamwana wake hukwepana hata njiani. Kunionyesha fizi zake kungekuwa kama kuvua nguo. Nami sikubisha. Niliinamisha macho, nikamwambia arudi daktari akirudi, nikajiona mkamwana mwema.

Alirudi baada ya mavuno. Kipande chake kilinifikia kwa namba, bila jina: mwanamume, Susuni, mdomo wa chini. Nilikipaka, nikaona viini vile vikubwa, vyeusi. Nyumbani mume wangu aliuliza habari za baba. Nikajibu, "Tumsubiri daktari." Daktari wa kusoma vioo alipokuja alisoma kile nilichokwisha kukiona, na mzee hakumaliza mwaka.

Baada ya mazishi ndugu walinyolewa nywele uani. Shemeji yangu alijishikia kioo cha kujitazama, akajinyoa mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa. Ningempa mzee kioo na kijiti cha pamba, nikampa mgongo, akajipaka mwenyewe, akaniambia kama bluu imebaki! Nilimweleza mume wangu. Hakunilaumu, ila kwa miaka mingi hakuniuliza tena habari za kazi yangu.

Nilinunua kioo dukani Nyamisangura. Wazee wengi waliona haya, wakajipaka wenyewe. Mama mmoja wa Matongo aliwahi, akapona.

Vijana wa maabara, rangi mtafundishwa. Mimi nawaambia mwulizeni mgonjwa anamwonea haya nani.

Nilipostaafu niliondoka na kioo kile. Mume wangu ametangulia, watoto wako mbali. Kila mwezi nakaa dirishani, nafungua mdomo, nautazama pande zote. Hakuna wa kumwonea haya humu ndani. Natamani angekuwepo hata mmoja.