Pinyo ya Mulen na Maombi ya Pasta

Juma iliyopita kijana wa moto, ile pikipiki ya kubeba watu, alisimama mbele ya lango ya parsele yangu, akateremusha mufuko muzito. "Muzee, chuma yote ya zamani wanasema tulete kwako." Nikafungua. Katikati ya bulon na minyororo kulikuwa pinyo moja nyeusi, gurudumu ya chuma yenye meno, na meno yake yameisha sawa ya muzee wa kutafuna muwa. Nikaigeuza, nikaona alama ya nukta tatu karibu na tundu ya katikati. Nikaikaa palepale juu ya tairi. Kijana akauliza kama niko mugonjwa.

"Mugonjwa ni weye," nikamujibu. "Hii kitu niliikata miye, mbele mama yako akuzale."

Weye rafiki yangu unanijua, sipendi kujivuna. Lakini kuanzia Marabo mpaka Nyankunde, pinyo ikivunjika, jina inayotajwa ni yangu. Masomo yangu iliishia darasa ya tano. Nyumba ya matofali, atelie ya wafundi, kamyo zile unaona, yote ilitoka mu mikono hii. Na mikono hii ilijifunza kazi mu chumba kidogo kule Mudzipela, pahali mama alikuwa anatunza makala.

Wazazi wangu na koko, mama ya papa, walitoka Butembo. Papa aliuza vyombo vya kinga, zile baiskeli, lakini roho yake ilikuwa ku mashini. Siku moja kamyo ikaleta mashini ya kukata pinyo, okazyo yenye wengine walikwisha kutumia, rangi ya kijani imebabuka, ilitoka mu atelie fulani yenye ilifungwa zamani. Walibomoa mulango ndipo iingie. Mama alisimama na mufuko wa makala ku kichwa, akauliza: "Na hii itakaa wapi? Ku kitanda yako?"

Hakuna mutu alikuja nayo wa kutueleza. Papa alijifunza kwa kuangalia na kukosea, mimi pembeni yake. Kisu yake ya mviringo, freze, inakata nafasi katikati ya jino na jino. Halafu kuko divizeri, sahani yenye tundu mingi na mukono wa kuzungusha. Ukimaliza kukata nafasi moja, unazungusha mizunguko yake, unaongeza tundu zake, unafunga, unakata ingine. Ukikosa tundu moja, jino moja inanenepa na jirani yake inakonda. "Jino moja mubaya," papa alikuwa anasema, "inakula zingine zote."

Na ile mashini ilikuwa imezeeka, ilikuwa imelegea ndani. Ukirudisha mukono nyuma, wenyewe unatembea lakini chuma inayokatwa inakawia, sawa mutoto mwenye kuamushwa asubuhi. Niliijua ile tabia kwa sababu papa alinianzisha ku mbao. Niliharibu mbao mingi! Zingine koko alichoma, akapikia madesu, maharagi yetu, zingine watoto wa avenue wakafanya magurudumu ya kamyo zao. Wao walipenda makosa yangu kabisa.

Basi papa akaanguka na moto ku barabara ya Nyankunde, mukono wa kuume ukafungwa platre. Na juma ileile, mulen ya jirani, ile yenye kusaga unga ya kartie nzima, ya mutaa wote, ikavunja pinyo. Wamama wakaanza kubeba mihogo mbali. Jirani akaleta kipande ya esie ya kamyo, ile chuma nene inayobeba magurudumu, fundi mwengine amekwisha kuifanya mviringo. Ilikuwa moja tu. Ya pili haikuwako.

Mama akatuambia mbele ya jirani: "Mumeharibu mbao, nikanyamaza. Mukiharibu hii ya watu, mashini inatoka mu nyumba yangu, wenye kununua chuma waibebe. Makala yangu irudie pahali yake."

Papa akanigeukia. Akaniangalia. "Mikono itakuwa yako," akasema. "Miye nitakuwa kinywa."

Tukaanza asubuhi. Grupe ya umeme ikakohoa, ikashika. Koko alisimama na chupa ya mawese ya jikoni, kazi yake kudondosha mafuta juu ya kisu ili isichome, na chumba yote ikanuka sawa vile tunakaanga makemba, zile ndizi kubwa. Papa nyuma yangu: "Zungusha. Tundu. Funga. Kata." Jasho iliingia mu macho, sikuthubutu kupanguza. Tulikuwa tumepita nusu ya pinyo wakati sauti ilisikika ku mulango.

"Bwana asifiwe!"

Ilikuwa pasta, amekuja kuangalia mugonjwa, shati nyeupe pe. Unajua desturi yetu: mutu wa kazi, mikono yake ikiwa na mafuta, hakupi kiganja, anakunja ngumi na kukupa kifundo cha mukono, nawe unamushika pale. Papa akatoa kiwiko juu ya platre. Mimi pasta akanigusa kichwa, sawa mutoto. Halafu akasema: "Muzimishe ile grupe, tuombee hii kazi."

Nani anakataa maombi? Nikafunga macho, mukono ungali ku divizeri. Koko akanipiga kofi ndogo. "Acha! Mungu haombwi na mutu mwenye kushika chuma." Nikaachia. Pasta akaombea mukono wa papa, akaombea mulen, akaombea wasafiri wa barabara zote, akarudia tena ku mukono. Amina.

Tukafungua macho. Papa akauliza polepole: "Tulikuwa tumemaliza kuzungusha, ao tungali katikati?"

Sikujua. Koko akasema: "Miye nilikuwa ku maombi." Pasta akatabasamu: "Kata tu, mwanangu, imekwisha kubarikiwa." Mama alikuwa amesimama ku mulango, mikono ku kifua, anaangalia mufuko wake wa makala.

Nikasukuma chuma na mukono, polepole, mpaka kisu ikagusa nafasi ya mwisho tuliyokwisha kukata. Iliingia, halafu ikakwaruza upande moja. Tulikuwa katikati.

"Rudisha nyuma kidogo, ndipo ukate," papa akasema.

"Hapana, papa."

Ndugu yangu, kubishia baba yako mbele ya pasta! Koko akashika kinywa. Platre ya papa ikainuka, nikajua inakuja juu yangu.

"Ukirudisha tu, inatudanganya," nikasema. "Turudi mbali, tupite ile nafasi, halafu tukuje mbele tena mpaka kisu iingie bila kugusa. Tuhesabu kutokea pale."

"Nani alikufundisha hiyo?"

"Mbao. Zile koko alichoma."

Papa akashusha platre yake. Halafu: "Fanya."

Nilirudi mbali, nikakuja mbele. Kisu ikalala mu nafasi yake bila kukwaruza. Grupe ikashika. Nikakata. Lakini uongo wa pinyo haujulikani mpaka mwisho ikutane na mwanzo. Pasta hakuenda. Aliikaa juu ya makala na shati yake nyeupe. Chupa ya mawese ikaisha. Nafasi ya mwisho ikafunguka, na jino iliyobaki pale ilikuwa sawa na ndugu zake.

Papa akapitisha kidole gumba juu ya meno yote, anatafuta. Akazunguka mara ingine. Hakupata kitu. Akanyoosha mukono wake wa kushoto, mimi nikainamisha kichwa kama kawaida. Hakugusa kichwa. Akashika kifundo cha mukono wangu.

Mama akageuka. "Na sasa nani atanunua mawese ingine?" Akabeba makala yake, akaipeleka inje chini ya bati.

Nikapiga nukta tatu karibu na tundu ya katikati, na magaribi ileile mulen ikalia, na Mudzipela yote ikasikia. Leo mulen haiko tena, pale kuko duka ya masimu. Papa na koko wamelala mu udongo. Pinyo zinatoka Kampala mu kartoni, na miye ndiye ninaziuza kuliko wote. Wafundi wangu wanavaa glovu, wakimaliza wanazivua, wanapeana mikono safi sawa watu wa benki.

Basi palepale juu ya tairi, nikapitisha kidole gumba juu ya ile pinyo, ninatafuta jino ya maombi. Sikuipata. Yote yameisha sawasawa.

Kijana wa moto akanyoosha mukono wa kuaga. Wangu ulikuwa umechafuka na mafuta nyeusi ya zamani. Nikakunja ngumi, nikamupa kifundo. Akakiangalia tu, hakujua akifanye nini.