Udongo Umeshuka Tena

Gabrieli alikuwa mlalamishi, na mimi jirani yake Veronika nasema hivyo huku nikimsikitikia. Huku Mgeta kila masika mvua huteremsha udongo wa mashamba yetu ya mlimani mpaka bondeni. Mvua zikikatika, mwenye shamba huuchota kwa ndoo akaupandisha tena, tuta kwa tuta. Mwaka unaofuata unashuka ule ule.

"Hii kazi ya vichaa," Gabrieli alikuwa akisema kilabuni, kanisani, msibani, popote. "Naishi mwaka ule ule kila mwaka. Nikifa mnizike juu, maana mkinizika chini, Theresia atanipandisha na ndoo!" Tulicheka mpaka machozi. Maneno hayo niliyabeba mwenyewe mpaka sokoni Nyandira, nikayasambaza bure.

Theresia, mkewe, hakubishana naye. Alikuwa na dawa yake: ndoo moja, umbea mmoja. Akitwishwa tu anaanza kisa cha mtu fulani, wakifika juu anakikatisha palepale patamu, na Gabrieli, huku ananung'unika, anawahi chini kuchota nyingine ili asikie mwisho. Miaka thelathini na moja walipanda hivyo. Mtoto hawakujaliwa.

Mwaka huu, mwezi wa nne, Theresia aliugua siku nne tu, akafa.

Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume hulima kwa mkewe, na mke akifa bila mtoto, shamba hurudi kwa wenyewe, labda wapende kumwachia mgane. Hilo ndilo Gabrieli alilolitegemea. Baada ya arobaini, ukoo ukaketi, nasi majirani tukaalikwa. Kasiani, kaka mkubwa wa marehemu, mtu mpole asiye na hila, akasema, "Shemeji, tumekutesa vya kutosha. Miaka yote unalia na udongo huu, na sisi tuna masikio. Sasa tunakupumzisha. Shamba atalima binti wa dada yetu, Jesca." Kisha akanigeukia. "Jirani, nasema uongo?"

Nami, kwa ulimi wangu usio na breki, nikajibu, "Kweli tupu, kaka Kasiani. Amechoka mpaka basi!"

Watu wakacheka. Gabrieli akatazama miguu yake. Ukweni mtu habishani. Akasema, "Asanteni."

Kesho yake asubuhi nilimkuta shambani peke yake, ndoo ya udongo begani.

"Kaka Gabrieli, si umepumzishwa?"

"Nataka niuache ukiwa juu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nikamwambia naenda kwa Kasiani sasa hivi, nikamweleze kuwa yale yote yalikuwa matani.

"Usiende," akasema. "Miaka thelathini na moja nimelalamika, leo nani atasadiki? Aliyejua kuwa natania alikuwa mmoja tu, na tumeshamzika." Akamwaga udongo, akausawazisha kwa mguu. "Ndoo ni ile ile, Veronika, na njia ni ile ile. Ila sasa nafika juu sina cha kushukia."

Hata hivyo akashuka kuchota nyingine.

Nilikwenda kwa Kasiani. Alisikitika kweli, akashika kichwa, lakini Jesca alikuwa ameshanunua mbegu, na neno la kikao halirudishwi na mtu mmoja. Nikarudi nyumbani nikajifungia, nikalia kwa aibu kuliko nilivyolia msibani.

Gabrieli alibeba mwezi mzima. Alipomaliza tuta la mwisho, alipanda gari la mboga akateremka mjini, na kutoka huko akaenda Ngerengere kwa dada yake Judith, ambako ardhi ni tambarare na udongo hauendi popote. Judith ananiambia kwenye simu kwamba anakula, analala, ila hasemi kitu. Halalamiki hata kidogo.

Kabichi za Jesca zimekubali kuliko za mtu yeyote mlimani. Watu wanausifu mkono wake, na mimi, niliyejua sana kusema siku ile, nashindwa kuwaambia udongo ule ulipandishwa na nani.