Matanga Katika Chumba cha Wanafunzi

Chumba cha mjukuu wangu kule Kitwe, Zambia, kilikuwa na vitanda viwili, dirisha moja, na karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Kiingereza sikijui, na hata Kiswahili nasoma polepole, basi nilimuuliza karatasi ile inasema nini.

"Nkambo, inakataza kupika, kuingiza wanaume na kupiga kelele."

Mama yake alikuwa binti yangu wa pili. Tulikuwa tumemzika kwetu Kapata, ng'ambo ya mpaka, siku chache nyuma, na mtoto hakuwa anajua.

Wanangu wa kiume ndio walioamua asiambiwe. Walisema mitihani ya mwisho imefika, akisikia ataacha yote na kupanda basi. Mkubwa wao akaja kuchuchumaa mbele yangu pale kwenye mkeka wa matanga.

"Mama, we njo utaenda. Mu nyumba ya babinti mwanaume haingie. Ukae naye tu, umuchunge. Akimaliza kuandika umulete huku, tutamuambia siye bote."

"Unajua unamutuma nani?" nikamuuliza. "Ule mwenye kufa alitoka mu tumbo yangu. Matanga bado haijaisha."

Akatazama chini, lakini hakubadilisha neno. Watu wote waliokaa kwenye matanga yale ninawakumbuka kwa majina, waliokuja na unga na waliokuja mikono mitupu, ila majina sitayaandika hapa. Nilifunga kitambaa changu, nikapanda basi. Tulipokwama Fungurume katikati ya malori nilikuwa nalia, na mpaka Kasumbalesa kwenye mpaka nilikuwa bado. Nilifikiri nikimaliza machozi njiani, nitafika na uso mkavu.

Mjukuu alinipokea kwa furaha mpaka nikaona haya. Msichana aliyegawana naye chumba, Mzambia, alikuwa mtu wa mizaha, na mi Kibemba nilijifunza zamani sokoni, basi tulielewana.

"Nkambo umekuja kutuchunga tusipate wachumba?"

"Nimekuja kuwachagulia. Ninyi macho yenu yanaona viatu tu."

Alicheka akajitupa kitandani. Akanisogezea kiti, mjukuu naye akanitandikia kitanda chake. Nilikataa vyote viwili. Nilitandika kitenge sakafuni, nikanyoosha miguu, na chai nikanywea hapohapo. Sikufanya kusudi. Mwili wangu ulikuwa bado uko kwenye matanga, na mwenye kufiwa hakai juu.

Kesho yake mchana mjukuu alitoka kusoma, akanikuta vilevile. Akaweka vitabu vyake chini, akachuchumaa mbele yangu sawasawa na mjomba wake.

"Nkambo, nani alikufa?"

"Nani alikuambia mutu alikufa?"

"Tangu jana uko unakaa ku chini. Kiti unakataa, kitanda unakataa."

"Ni mugongo inaniuma."

"Ni mama?"

Nilitafuta uongo kichwani, sikuupata.

"Ni mama," nikasema.

"Mulishamuzika?"

"Tulishamuzika."

"Bila miye."

Hapo hakuwa akiuliza.

Kwetu, binti aliyefiwa na mama yake halii peke yake. Wamama wanamshika huku na huku asijiumize, akichoka mwingine anapokea kilio, na jirani akisikia anaacha sufuria motoni anakuja. Mtoto huyu alifungua mdomo, akatazama mlango wenye karatasi, akajiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Mkono ule uliniumiza kuliko udongo wa kaburini.

Mwenzake aliingia na ndoo ya nguo alizotoka kufua. Alitutazama, akauona mkono ule mdomoni. Akafunga mlango, akachukua redio yake ndogo, akaweka muziki wa kucheza na kuupandisha mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka.

"Lia sasa," akamwambia.

Basi mjukuu wangu akamlilia mama yake chini ya muziki kama wa harusi. Nilimshika kiuno, tukalia wote wawili pale sakafuni, na Mzambia akamshika mabega. Wasichana wa chumba cha pili wakagonga ukuta: "Ongeza! Ongeza!" Walifikiri ni sikukuu.

Mama msimamizi wa nyumba hakuchelewa. Aligonga kwa ngumi. Mzambia akafungua kidogo.

"Mna wazimu? Wenzenu wanasoma!"

"Samahani, mama. Jino linamtesa huyu. Tunamsahaulisha."

Mama yule akachungulia, akaona uso uliovimba, akaamini. Alikwenda akarudi na vidonge viwili na kikombe cha maji. Mjukuu wangu akavimeza mbele yake, akasema asante. Muziki ukazimwa. Kilio kikakatikia hapo, kabla hakijafika mahali kinapopaswa kufika.

Nilimwambia anaweza kuacha mitihani, wajomba nitawajibu mwenyewe.

"Nikiacha, mama njo atafufuka?" akanijibu kwa ukali ambao sikuuzoea kwake. Akaenda, akaandika yote. Kila alipotoka nilibaki sakafuni na kitenge changu, nikisikia wasichana wakicheka kwenye korido.

Tuliporudi Kapata wamama walikuwa tayari wamekaa uani, vitambaa vimefungwa viunoni. Ndivyo inavyokuwa: mtoto wa mbali akifika kwenye lango anaangua kilio, nao wanakiinua upya pamoja naye. Yeye aliingia, akawasalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili, akaomba maji ya kuoga. Shangazi yake akaanza kulia ili amfungulie njia. Shangazi akalia peke yake kidogo, akaacha.

"Ata chozi moja!" nikasikia nyuma yangu. "Masomo ya Zambia ilimukausha."

Leo anafanya kazi Tenke, katika ofisi ya mgodi. Anakuja mara chache, analala usiku mmoja, na kwenye njia yetu majirani wanampisha kama mgeni. Mi nawaambia huyu mtoto alilia.

"Wapi, mama?"

"Kule, mu chumba yake."

"Nani alimusikia?"

Nawaambia mi nilimsikia. Wanasema mi ni nkambo yake, siwezi kusema vingine. Yeye mwenyewe, nikimwomba aje na wamama makaburini, anasema atakuja siku nyingine, peke yake.